Je, Uradi Humtengeza Mtu?

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu wasomaji, katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha alisimama kijana mmoja akauliza suala ambalo wengi walikuwa nalo vifuani mwao, ila walikuwa wakiona haya kulitamka. Alisema: "Maalim, watuhimiza tusali sunna, tulete uradi, tukae itikafu, tukae peke yetu tutafakari. Nami nawajua watu ambao hayo yote hawayaachi, na tasbihi haiwatoki mkononi. Lakini ukifanya nao biashara watakudhulumu, na ukikaa nao jirani hutakuwa na raha. Na nawajua wengine wasiokuwa na uradi wowote zaidi ya sala tano, nao ni wapole na wakweli. Basi je, mambo haya kweli humfanya mtu akawa mwema, au ni desturi tu tulizozizoea?"

Baadhi ya wazee walikunja nyuso, na mmoja wao akamwambia aombe maghufira. Mimi nilimwambia kijana akae, na ya kuwa suala lake ni la haki, na jawabu yake nitaileta darsa ijayo. Sikuiahirisha kwa ajili ya kutafuta vitabu tu. Niliiahirisha kwa sababu suala lile lilinigusa mahali penye jeraha, na kisa chake nitakitaja huko mbele. Haya ndiyo niliyomjibu, nami nayaandika hapa ili yamfae asiyekuwapo.

Suala hili si geni

La kwanza lipasalo kujulikana ni kuwa suala la kijana wetu liliulizwa mbele ya Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Imam Ahmad na wengineo wamepokea kwa Abu Huraira (R.A.) ya kwamba Mtume alitajiwa mwanamke asaliye usiku, afungaye mchana na atoaye sadaka, ila huwaudhi majirani zake kwa ulimi wake. Mtume akasema kuwa huyo hana kheri, na ni katika watu wa motoni. Kisha akatajiwa mwanamke mwingine, asiyezidisha kitu juu ya faradhi, na sadaka yake ni vipande vya maziwa yaliyokaushwa, lakini hamuudhi mtu. Mtume akasema kuwa huyo ni katika watu wa peponi.

Angalieni, ndugu zangu. Waliouliza hawakukemewa, wala hawakuambiwa kuwa wamevunja heshima ya ibada. Na jawabu waliyopewa haikuwa ya kuzungukazunguka. Yule wa kwanza sala zake za usiku zilikuwa ni sala za kweli, na njaa yake ya mchana ilikuwa ni njaa ya kweli, lakini vyote viwili vilimpitia ulimi wake vikauacha kama ulivyokuwa.

Kadhalika katika Sahihi ya Imam Muslim mna hadithi ya muflisi. Masahaba walidhani muflisi ni yule asiyekuwa na dirhamu wala mali. Mtume akawafahamisha kuwa muflisi wa umma wake ni mtu atakayekuja Siku ya Kiyama na sala, na saumu, na zaka, naye amekwisha mtukana huyu, na kumsingizia yule, na kula mali ya huyu, na kumpiga yule. Basi wenye haki zao watalipwa katika mema yake mpaka yaishe, kisha yachukuliwe maovu yao abandikwe nayo. Hadithi hii haikusema kuwa mtu yule hakuwa na ibada. Yasema alikuwa nazo nyingi, akaja nazo, na hazikumfaa.

Na katika tarikhi tuna mfano ulio mzito kuliko yote. Mtume alikwisha watahadharisha Masahaba, kama ilivyopokewa katika Bukhari na Muslim, kuwa watatokea watu ambao nyinyi mtazidharau sala zenu mkizipima na sala zao, na saumu zenu mkizipima na saumu zao. Wasoma Qur'ani lakini haivuki koo zao. Wakatokea Makhawarij. Wanahistoria wametueleza kuwa kabla ya vita vya Nahrawani, mwaka 38 wa Hijra (658), mmoja wao aliokota tende iliyoanguka chini ya mtende akaitia kinywani. Wenziwe wakamkemea kwa kuwa hakuilipia, naye akaitema. Na watu hao hao, katika safari hiyo hiyo, walimchinja Abdalla mwana wa Khabbab, mtoto wa Sahaba, na wakamuua mkewe naye ni mja mzito. Miaka miwili baadaye, katika Ramadhani ya mwaka 40 (661), Ibn Muljam, mtu wa ibada na msomaji wa Qur'ani, alimpiga Sayyidna Ali (R.A.) kwa upanga katika msikiti wa Kufa wakati wa Alfajiri. Mtu akisema kuwa wingi wa kusujudu wenyewe kwa wenyewe watosha kumtengeza mja, na atuambie basi habari ya Ibn Muljam.

Wala jambo hili si la Waislamu peke yao. Katika zama zetu watu wengi wa Ulaya na Marekani wameshika mazoezi ya kukaa kimya na kukusanya fikira, ambayo asili yake ni dini ya Kibudha, na imeenea kwao kuwa mazoezi haya humfanya mtu akawa na huruma zaidi. Wataalamu watatu walizikusanya tafiti zilizofanywa juu ya dai hilo, na mwaka 2018 wakaeneza waliyoyaona. Waliona kuwa mazoezi hayo hayakupunguza ukali wa mtu wala chuki yake kwa watu wa kabila nyingine. Huruma ilionekana kuzidi kidogo, lakini ilizidi pale tu ambapo yule aliyesomesha mazoezi ndiye pia mmoja wa walioandika utafiti. Yaani mpishi ndiye aliyeulizwa utamu wa chakula. Nasi tusiwacheke, kwani hili ndilo tulifanyalo sisi kila siku: twasali wenyewe, kisha twajipimia wenyewe faida ya sala zetu.

Je, Qur'ani yapingana na hayo?

Huenda msomaji akasema: lakini Mwenyezi Mungu ametuambia katika Suratul Ankabut, aya ya 45, ya kwamba sala humzuia mtu na mambo machafu na maovu, na katika Suratul Baqara, aya ya 183, ya kwamba tumefaradhiwa saumu ili tupate kumcha Yeye. Maneno ya Mola hayawezi kuwa si kweli. Basi vipi twamwona mwenye kusali na kufunga naye yuko katika maovu yake?

Jawabu ni kuwa Qur'ani hiyo hiyo, katika Suratul Maun, inawatolea tishio kali watu wenye kusali. Si wenye kuacha sala, bali wenye kusali, nao wameghafilika na sala yao, waifanya ili waonwe na watu, na wamnyima jirani hata chombo cha kuazima. Kwa hivyo ziko sala mbili. Iko sala inayozuia maovu, na iko sala inayoishi nyumba moja na maovu kwa amani, hakuna amsumbuaye mwenziwe. Kwa macho ya watu sala hizi mbili zafanana: rakaa zile zile, na sura zile zile. Na Mtume amesema juu ya saumu, kama alivyopokea Bukhari, kuwa mtu asiyeacha maneno ya uongo na vitendo vyake, Mwenyezi Mungu hana haja na kuacha kwake chakula na kinywaji.

Tofauti ya sala hizi mbili iko wapi? Ndugu zangu, sikumpata mwanachuoni aliyeieleza vizuri kuliko Imam Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra (1111). Katika kitabu chake Ihyaa, ambacho masheikh wetu wa pwani wamekisomesha vizazi kwa vizazi, mna mlango mzima wa kuwaeleza waliohadaika, na wengi aliowataja humo si walevi wala wezi. Ni wanavyuoni, na wenye ibada, na masufi, na matajiri wenye kutoa. Amemtaja mtu atiaye shaka maji ya udhu mpaka akajitesa, na chakula chake hakichunguzi kimetoka wapi. Amemtaja mtu ahijiye mara baada ya mara na majirani zake wana njaa. Na amemtaja tajiri bahili, apendaye ibada za mwili zisizokuwa na gharama, kama kufunga mchana na kusimama usiku na kuhitimisha Qur'ani. Huyu amemfananisha na mtu aliyeingiwa na nyoka ndani ya nguo yake, naye yuko jikoni apika dawa ya kutuliza nyongo.

Mfano huu, ndugu msomaji, ndio ufunguo wa suala letu. Dawa ya nyongo si mbaya, na huenda siku nyingine ikamfaa. Ila nyoka yuko nguoni, na mpishi hataki kumtazama. Nafsi ya binadamu ni hodari sana wa kuchagua. Bahili hujiona mwepesi katika kusimama usiku, kwa sababu kusimama hakumgusi mfukoni. Mwenye ulimi mkali huona tamu kusoma, kwa sababu kusoma hakumlazimishi kuomba radhi. Mwenye kiburi hupenda khalwa, kwa sababu katika khalwa hapana wa kumpinga. Kila mmoja huikimbilia ile ibada isiyogusa ugonjwa wake, akaizidisha, na wingi wake ukawa ni pazia baina yake na ugonjwa ule. Kisha hushangaa akiambiwa kuwa hajapona.

Kisa changu

Sasa nitimize ahadi yangu. Miaka michache iliyopita, baada ya Ramadhani ambayo nilikaa itikafu kumi la mwisho, nilijiwekea uradi baada ya sala ya Alasiri, nisiukate wala nisiseme na mtu mpaka uishe. Nilipata raha kubwa katika uradi ule, na moyo ulikuwa ukitulia hata nikajiona kuwa nimepanda daraja.

Jioni moja mama mmoja mjane, jirani yetu, alikuja mlangoni akataka nitoke. Marehemu mumewe alikuwa amemkopesha mtu fedha, na mkopo ule ulikuwa mbele yangu; mimi na mzee mwingine, ambaye amekwisha fariki, ndio tuliokuwa mashahidi. Siku ile mdeni alikuwa amekuja mtaani kwa jamaa zake, amekaa barazani, na alipoulizwa deni alisema hakumbuki. Mjane alitaka nende hatua hamsini tu, niseme nilichokiona. Nilimwashiria mtoto amwambie kuwa niko katika uradi, angoje. Akangoja. Akamtuma mtoto mara ya pili, nikaashiria vile vile. Mara ya tatu sikusikia tena kitu. Nilipomaliza nikatoka, baraza ilikuwa tupu, na mdeni alikuwa amekwisha kwenda zake kupanda basi la safari.

Nami wakati ule sikuhuzunika. Nilijiambia kuwa haki ya mtu haipotei mbele ya Mwenyezi Mungu, nikarudi ndani na utulivu wangu. Usiku, katika kusoma juzuu yangu, nikafika mwisho wa Suratul Baqara, kwenye aya ya 282 inayowakataza mashahidi kukataa waitwapo, na ile inayofuata, inayotufahamisha kuwa mwenye kuficha ushahidi moyo wake waingia dhambini. Aya hizi nimezisomesha mara nyingi. Lakini usiku ule nilisimama kwenye neno moyo, nisiweze kuendelea, kwa sababu ndio moyo ule ule niliokuwa nikiutuliza tangu Alasiri. Nilikuwa nimeliacha jambo la wajibu lililonijia mpaka mlangoni, kwa ajili ya jambo la sunna nililojipangia mwenyewe, na nilikuwa nimeliacha kwa raha.

Nikakumbuka hadithi ya Juraij, mcha Mungu wa Bani Israil, ambayo imo katika Bukhari na Muslim. Mama yake alimwita naye yumo katika sala yake ya sunna. Akasitasita baina ya mama na sala, akachagua sala, mpaka mama akamuapiza, na apizo likampata. Naye alikuwa katika sala. Mimi nilikuwa katika uradi tu.

Baadaye nilisoma habari nyingine iliyonifanya niinamishe kichwa. Mwaka 1973 wataalamu wawili wa Marekani, Darley na Batson, walieneza majaribio waliyoyafanya kwa wanafunzi 40 wa chuo cha kusomesha makasisi huko Princeton. Kila mmoja aliambiwa aende jumba la pili akatoe maneno. Baadhi yao walikuwa wakienda kuhutubu juu ya kile kisa cha Injili cha msafiri aliyenusuriwa na mpita njia. Katika uchochoro wa kupitia waliwekewa mtu ameinama, akohoa na kugumia. Wale walioambiwa kuwa wana nafasi, walisimama kumsaidia kadiri ya 63 katika kila mia. Wale walioambiwa kuwa wamechelewa, walisimama 10 katika mia. Na kule kuwa na mawaidha ya huruma kichwani hakukuonekana kuleta tofauti ya kutegemewa. Niliposoma hayo sikuwacheka wanafunzi wale. Nilijiona mimi mwenyewe katika uchochoro ule, na tasbihi mkononi.

Je, tuache?

Hapa ndipo shetani anapopata mlango wa pili. Akishindwa kumhadaa mtu kwa ibada, humwambia: "Basi, kwa kuwa wenye nyuradi ndivyo walivyo, uradi hauna maana, tia moyo wako uwe safi, yatosha." Ndugu zangu vijana, hili nalo ni hadaa, tena huenda likawa kubwa zaidi. Hospitali ina wagonjwa wengi kuliko soko, wala hapana mwenye akili asemaye kuwa hospitali ndiyo iletayo ugonjwa. Na yule mpole asiyekuwa na uradi, upole wake ni neema ya Mola, lakini tumeuona siku ya raha. Hatujui utakuwaje siku ya dhiki, siku atakapokuwa na mali ya yatima mkononi na mahakama iko mbali.

Tumwangalie Imam Ghazali mwenyewe. Mwaka 488 (1095) alikuwa mwalimu mkubwa wa madrasa ya Nidhamiya ya Baghdad, mwenye jaha na wanafunzi wengi. Akajihesabu, akaona kuwa katika kusomesha kwake alikuwa akitafuta sifa na jina. Akaacha yote akatoka, akakaa Sham katika khalwa na dhikri. Yeye aliyewafichua waliohadaika kwa khalwa, khalwa aliiingia, na dhikri aliishika. Lakini tazameni aliingia na nini: aliingia hali ya kuujua ugonjwa wake kwa jina lake. Na miaka kiasi cha kumi na moja baadaye alirudi tena kusomesha, huko Nisapuri. Khalwa yake ilikuwa na mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea.

Hii ndiyo jawabu niliyompa kijana. Nilimwambia: Ibada humtengeza mtu yule anayeuleta ugonjwa wake mbele ya Mwenyezi Mungu pamoja na ibada yake. Ama anayeileta ibada ili ugonjwa usionekane, haimtengezi, na huenda ikamzidishia kiburi juu ya ugonjwa aliokuwa nao. Uradi ni mfano wa taa. Ukiiingiza chumbani ukatazama, utaona vumbi na utafagia. Ukiiwasha kisha ukafumba macho ukafurahia joto lake, vumbi litabaki pale pale. Na taa haikufanya kosa.

Basi tufanye nini?

Nawausia ndugu zangu, na kabla yao naiusia nafsi yangu, mambo manne.

La kwanza, mtu achague ibada yake ya ziada kwa kuutazama ugonjwa wake, si kwa kuitazama raha yake. Bahili atoe, hata ikiwa kidogo, na asihesabu kuwa rakaa mia za usiku zimemlipia. Mwenye ulimi na afunge kwa ulimi. Mwenye kiburi na aende kumuomba radhi aliye chini yake. Dalili ya dawa ya kweli ni kuwa nafsi yaichukia.

La pili, tafakuri yetu iwe na hesabu ndani yake. Harith Al-Muhasibi wa Baghdad, aliyekufa mwaka 243 (857), amepata jina lake hilo kwa kuihesabu nafsi yake. Wala kuihesabu nafsi hakutaki muda mrefu. Kila usiku, kabla ya kulala, mtu ajiulize mambo matatu: Leo watu wa nyumbani kwangu wamepata nini kwa ulimi wangu? Leo ni nani mwenye haki juu yangu ambaye sikumpa? Leo yule asiyeweza kunifaa kwa kitu, nilimtendeaje? Dakika kumi za hesabu hii zaweza kumfaa mtu kuliko saa nzima ya utulivu usioulizwa kitu.

La tatu, tusijipimie wenyewe. Imepokewa kuwa mtu mmoja alitaka kumtolea ushahidi mwenziwe mbele ya Sayyidna Umar (R.A.) kuwa ni mwema. Umar akamuuliza kama amepata kuwa jirani yake, au kusafiri naye, au kufanya naye muamala wa dinari na dirhamu. Yule akasema hapana. Umar akamwambia kuwa basi hamjui. Labda amemwona tu msikitini akiinamisha kichwa na kukiinua. Ndugu msomaji, muulize mkeo, muulize mtumishi wako, muulize uliyemkopa. Hao ndio wanaojua sala yako imefika wapi.

La nne, uradi wako uwe na subira ya kukatwa. Salman Al-Farisi (R.A.) alimzuru nduguye Abu Dardaa (R.A.), akamkuta amezama katika saumu na kusimama usiku mpaka mkewe amesahauliwa. Akamlisha mchana ule, na akamlaza usiku ule mpaka sehemu ya mwisho, ndipo wakaamka wakasali pamoja. Akamwambia kuwa Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Shauri likapelekwa kwa Mtume, naye akasema kuwa Salman amesema kweli. Na jambo lipendwalo zaidi na Mwenyezi Mungu, kama tulivyofunzwa na Mtume, ni lile lidumulo japokuwa ni dogo. Uradi mdogo unaojua kumpisha mwenye haki mlangoni una matumaini zaidi kuliko uradi mkubwa usiovunjika.

Nilipomaliza, kijana yule aliniuliza mbele ya watu: "Na wewe, Maalim, uliuacha uradi ule?" Nikamwambia sikuuacha. Naulisoma mpaka leo baada ya Alasiri, ila sasa nausoma barazani, na mlango uko wazi.

Na kwa yule mama nilikwenda. Ushahidi niliutoa baadaye mbele ya wazee; mdeni akalipa sehemu ya deni, na iliyosalia hajailipa hata leo, na mimi najua sehemu yangu katika jambo hilo. Nilipomuomba radhi alinisamehe, kwani ni mwenye moyo mwema kuliko mimi. Kisha akasema neno moja, nalo ndilo linijialo kila nishikapo tasbihi: "Maalim, siku ile nalikusikia. Sauti yako ya dhikri ilikuwa yafika mpaka mlangoni."

Twamuomba Mwenyezi Mungu azifanye sala zetu ziwe zenye kutuzuia na maovu, wala zisiwe pazia la maovu yetu. Atuonyeshe aibu zetu kabla hajazionyesha mbele ya viumbe. Na atusaidie kuwafikishia wenye haki haki zao kabla ya Siku ambayo hapatakuwa na dinari wala dirhamu. Na amsahilishie mjane yule na kila mwenye kudhulumiwa. Amin.

Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.